Namba ya mara moja itumike mara moja: barua ya wazi kwa vijana waandishi wa programu

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Katika programu mnazogawiana siku hizi nakutana na mstari uleule: baiti 12 za sifuri mahali pa namba ya mara moja, zimekaa palepale, zinatumika kwa kila ujumbe. Juu yake mmeandika kwa fahari "ChaCha20, biti 256", yaani jina la njia ya kusimba ujumbe na urefu wa ufunguo wake. Ikiandikwa hivyo hailindi kitu. Anayesikiliza njiani anahitaji jumbe mbili tu.

Daniel J. Bernstein wa Marekani, aliyeibuni mwaka 2008 kutokana na Salsa20 yake, alifanya sehemu yake. Mwaka 2005 alikuwa ameonyesha kwamba AES, njia nyingine ya usimbaji, ikiandikwa kwa majedwali huvujisha ufunguo kupitia muda inaotumia kusoma kumbukumbu. Kwa hiyo ChaCha20 haina majedwali. Ina kujumlisha, kuzungusha biti na XOR (biti mbili zikifanana hutoa 0, zikitofautiana hutoa 1), basi. Maneno 16 ya biti 32 hukorogwa raundi 20, hujumlishwa na yale ya mwanzo, zinatoka baiti 64, yaani kitalu kimoja. Hata simu ya bei nafuu isiyo na sakiti maalumu ya AES huimudu bila kuchoka.

Sasa sikilizeni vizuri. ChaCha20 haiukorogi ujumbe wenyewe. Hutengeneza mkondo wa baiti kutokana na ufunguo na namba ya mara moja, yaani nonsi, na mkondo huo ndio unaofanyiwa XOR na ujumbe. Ufunguo uleule na nonsi ileile, mkondo ni uleule. Chukueni karatasi. Baiti ya kwanza ya mkondo tuseme ni 200. Ujumbe mmoja unaanza na S, ambayo ni 83. Mwingine unaanza na N, ambayo ni 78. Njiani zinapita 155 na 134. Mwizi anazifanyia XOR, anapata 29, na 200 imeshapotea kwenye hesabu! Akijua kwamba ule ujumbe mmoja huanza na "Salio", anafanya XOR ya 29 na 83, anapata 78. N hiyo hapo. Ufunguo wenu hajaugusa.

Na hasara haiishii kwenye kusomwa. Poly1305, kazi nyingine ya Bernstein inayoambatana na ChaCha20, hutoa muhuri wa baiti 16 wa kuthibitisha kwamba ujumbe haujaguswa, kwa ufunguo unaotoka kwenye kitalu namba 0 cha mkondo huohuo. Ujumbe huanzia kitalu namba 1. Nonsi ikirudiwa, ufunguo wa muhuri nao umerudiwa. Mwizi anatoa muhuri mmoja kutoka kwa mwingine, anatatua mlinganyo, kisha anapiga muhuri halali juu ya ujumbe alioutunga yeye.

Fanyeni hivi. Mkitumia kihesabu kinachopanda kwa kila ujumbe kuwa nonsi, andikeni thamani yake kwenye diski kabla ya kuitumia, kwa sababu umeme ukikatika kinarudi sifuri. Seva mbili zenye ufunguo mmoja zigawane nonsi: baiti 4 za kitambulisho cha seva, 8 za kihesabu. Mkitaka nonsi ya kubahatisha, chukueni XChaCha20, ndugu ya ChaCha20 yenye nonsi ya baiti 24. Zile 12 ni chache kwa kubahatisha jumbe nyingi.

Mengine nayataja tu. Kagueni muhuri kabla ya kutumia chochote kilichofunguliwa. Linganisheni mihuri kwa muda usiobadilika. Nywila si ufunguo. Ipitisheni kwanza kwenye Argon2id, njia ya kugeuza nywila kuwa ufunguo. Ufunguo wa siri usikae ndani ya programu anayoipakua mteja.

Siwalaumu peke yenu. Walimu wanawakaririsha majina ya algoriti kwa ajili ya mtihani, hawawapi nafasi ya kuzivunja. Na anayetoa zabuni akishaona "biti 256" anatia saini, haulizi nonsi inatoka wapi. Mwaka 1995, Bernstein akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, aliishtaki serikali ya Marekani iliyokuwa ikihesabu programu za usimbaji kuwa silaha za kuombewa kibali. Mwaka 1999 majaji wa rufaa walikubali kwamba msimbo ni usemi unaolindwa na katiba. Mtu alipigania haki ya maarifa haya kusambaa, leo waraka wa RFC 8439 unaoeleza ChaCha20 na Poly1305 uko wazi bure pamoja na mifano ya kujipimia, nanyi hamfungui!

Wala kosa hili si la wanafunzi tu. Mwaka 2010 ilifichuliwa kwamba programu za mashine ya michezo ya PlayStation 3 zilitiwa saini kwa namba isiyobadilika pale ilipotakiwa mpya kila mara, na ufunguo wa siri ukakokotolewa. Ed25519, njia ya kutia saini ambayo Bernstein na wenzake waliitoa 2011, huipata namba hiyo kutokana na ufunguo na ujumbe wenyewe, isimtegemee mwandishi kukumbuka.

Leo, kabla ya kulala, tafuteni kwenye msimbo wenu kila mahali nonsi inapoundwa. Mkikuta ile mistari ya sifuri, kuirekebisha peke yake hakutoshi. Tengenezeni ufunguo mpya, na waambieni wateja kwamba jumbe za nyuma zihesabiwe zimeshasomwa.