Barua kwa vijana wa Sahare na Deep Sea, Tanga: busha haliletwi na madafu

Wajukuu zangu, asalaam aleikum. Naandika huku wazi manake ana kwa ana mnanikwepa, nikigusa tu habari ya mabusha kila mtu anainamia simu yake. Na mimi nawaona jamani. Kijana mzima anaacha kwenda baharini, anavaa msuli juu ya suruali, msikitini anajibanza safu ya nyuma ili kwenye sijda asionekane, ukimuuliza anasema mgongo.

Kwanza haya mnayosema, eti madafu yanashuka kwenye pumbu yanaleta busha, yaishe. Dafu ukilinywa linanyonywa na utumbo, linaingia kwenye damu, figo zinachuja unakojoa, basi, hakuna njia hata moja ya kutoka tumboni kushuka kwenye pumbu. Wala si tego la mke wa mtu.

Iko hivi. Korodani zinaumbika juu tumboni karibu na figo, mtoto akiwa bado kwa mamaake, halafu kabla hajazaliwa zinashuka, na zikishuka zinavuta kipande cha utando wa tumbo kinazizunguka tabaka mbili, katikati kuna maji kidogo sana ya kulainisha, yanatoka na kunyonywa muda wote. Zinakaa nje kwa sababu mbegu zinataka ubaridi, kama nyuzi 2 mpaka 4 chini ya zile 37 za mwili, ndo maana ukitoka majini zinapanda zenyewe na jua likiwaka zinashuka. Moja kuning'inia kuliko mwenzie ni kawaida, msihangaike nalo.

Sasa mabusha mengi ya huku pwani kwetu yanaanza na mbu. Anakuachia vijinyoo, vinakulia kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, na kwa mwanaume vinapenda sana ile ya kwenye pumbu, vinakaa humo miaka. Mishipa ikiharibika maji hayanyonywi tena, yanajaa taratibu bila maumivu, mtu anazoea mpaka anashindwa kutembea. Pale Amani, Muheza, watafiti wameuchunguza ugonjwa huu miaka mingi, si maneno ya kijiweni. Na mbu wenyewe tunawafuga sisi, kwenye mashimo ya vyoo na maji machafu yaliyotuama.

Kingatiba, zile dawa za kukinga zinazogawiwa kwa wote, ikipita mtaani nywa, acheni kukimbia, inaua watoto wa vile vijinyoo wanaozunguka kwenye damu ili mbu asimpelekee jirani yako. Ila busha lililokwisha jaa haliondoki kwa kidonge, hilo la kupasuliwa. Hospitali wanaweza wakamulika kwa tochi, maji yanapitisha mwanga unauona mwekundu, utumbo ulioshuka wa ngiri kwa kawaida haupitishi. Wakipasua wanamwaga maji, ule utando wanaukata au wanaugeuza usijaze tena, korodani yako inabaki na uanaume wako unabaki. Hao wanaowachoma sindano uchochoroni kunyonya maji wakimbieni, yanajaa upya na usaha juu.

Ila kitu kimoja hakingoji. Ukiona maumivu makali ya ghafla upande mmoja, korodani imepanda juu, kijana anatapika, hilo si busha, imejisokota na damu haifiki, ikipita kama masaa 6 inaweza kufa. Usichue mafuta usisubiri kukuche, amsha mtu wa boda usiku huohuo uende hospitali.