Barua ya wazi kwa mabinti zangu mnaouza vyombo majumbani: hizo gemu mcheze au muache?

Wanangu, assalaam alaykum kwa wa kusalimiwa hivo, na Bwana asifiwe kwa wengine, wote mpo moyoni mwangu.

Nawaandikia nyie mabinti wa Kiswahili mlioko huku Marekani, mnaouza vyombo, vipodozi, mishumaa ya kunukia na makorokoro ya jikoni kwa kukusanya watu sebuleni, Jumamosi jioni, mwenyeji kakaanga sambusa na chai ya maziwa ipo, muuzaji umetandika meza yako na katalogi juu. Hiyo shughuli naijua, nimeshakaa upande wa muuzaji, nimekaa upande wa mwenyeji, na mara nyingi zaidi nimekaa kwenye kochi kama mgeni. Na kila tukionana mnaniuliza lile lile, mama kampuni inatuambia tufungue pati na gemu, tucheze au tusicheze? Nimekuwa nawajibu juu juu tu kila mtu kivyake, leo naandika kwa wote.

Mi nasema chezeni, lakini gemu moja, fupi, na iwe ile ambayo hata anayeshindwa anacheka na hakuna kitu chake kinachoanikwa mbele za watu. Zingine tupeni, hata kama zimo kwenye kile kitabu cha mafunzo ulichopewa na aliyekuingiza.

Kumbukeni hii kitu ilianzaje. Earl Tupper, yule Mmarekani wa kampuni ya Tupperware, alikuwa na mabakuli yake ya plastiki toka miaka ya 1940, yakakaa madukani hayaendi, maana mtu akilishika dukani hajui kile kifuniko kinafungwaje, kumbe lazima ukibonyeze katikati kitoe hewa ndo kikabe. Aliyeyaamsha ni mama mmoja wa Florida, Brownie Wise, alikuwa ameachana na mume analea mtoto peke yake, yeye alikuwa anajaza bakuli juisi, anafunga, halafu analirusha pale pale sebuleni, wageni roho mkononi kwa ajili ya kapeti, linadondoka, halimwagi hata tone. Mwaka 1951 Tupper akayatoa mabakuli madukani akamkabidhi huyo mama mauzo yote ya majumbani. (Mwaka 1958 wakamwondoa kazini hana hata hisa moja kwenye kampuni aliyoijenga, lakini hiyo stori nitawapa siku nyingine maana ikinianza sinyamazi.)

Sasa angalieni, kule kurusha bakuli ndo ilikuwa gemu yenyewe. Watu wameshtuka, wamecheka, na hapo hapo wameshaijua bidhaa, na hakuna mgeni aliyetakiwa kufanya chochote. Ila hata enzi hizo kulikuwa na gemu zingine za pembeni, kulikuwa na ya kupimana viuno, na kulikuwa na ile ya kila mama kuandika tangazo kama la gazeti la kumuuza mume wake. Ya mume sina neno nayo kama mnajuana. Ya viuno, kila nikiifikiria namwona binti aliyejifungua miezi mitatu iliyopita kakaa mwisho wa kochi, anasubiri ile futi ya fundi cherehani imfikie. Nani kamwalika kuja kupimwa?

Hizo za viuno zimepita lakini wadogo zake wapo. Kuna ile ya mkoba, mnaijua wote. Muuzaji anasoma orodha, mwenye kalamu nyekundu pointi tano, mwenye risiti ya zamani pointi kumi, mwenye pipi, mwenye picha ya mtoto, watu wanamwaga vitu mapajani wanapiga kelele. Nilikuwepo kwenye pati moja pembeni yangu kakaa dada mgeni kabisa, kaletwa na jirani yake. Wenzake wanachimbua mikoba, yeye wake kaufunga zipu kaushika kwa mikono miwili juu ya magoti, anatabasamu tu. Muuzaji, kwa uchangamfu wala si kwa ubaya, akamwambia na wewe bwana toa tuone! Ikabidi afungue nusu, akaingiza mkono akavuta kitana, kitana kikatoka na kichupa cha dawa, vile vya rangi ya chungwa vya famasi za huku, kikabingirika kwenye kapeti mpaka miguuni kwa mama mmoja upande wa pili, na mnajua vile vichupa, jina lako limeandikwa na jina la dawa limeandikwa. Yule mama alikiokota akamrudishia kakigeuzia maandishi chini hata hakukitazama, Mungu ambariki. Lakini yule dada toka hapo hakunyanyua uso. Kutonunua si shida, shida ni kwamba hakuonekana tena, si kwenye pati tu, hata kwenye hitima na harusi zetu, na huku ugenini mtu akijitenga anajitenga kweli.

Mkoba wa mwanamke wa kwetu aliyeko huku una barua za uhamiaji, una karatasi ya mshahara, una dawa, una risiti za hela alizotuma nyumbani ambazo mumewe hajui. Usiuguse. Na ile ya karatasi za chooni, ya kuvuta vipande halafu kila kipande useme jambo moja la maisha yako, iwekeni kundi hilo hilo.

Ya kukisia bei nayo naomba muiache, ingawa najua wengi mnaipenda kwa sababu inaonekana haina madhara. Mtu kashika sufuria, anasema kwa moyo mweupe dola 15, wewe unasoma kwenye katalogi dola 80, sebule nzima inacheka. Ulichomwambia pale ni nini? Umemwambia kwamba vitu vya watu wa saizi hii hana habari navyo. Atacheka na nyie, halafu atanunua ile ya dola 80 kwa hasira ya aibu, au hatanunua na atajiona kapungukiwa, na yote mawili mi siyataki.

Sasa nije kwenye zawadi, na hapa mnisikilize vizuri maana ndo penye uzito. Kampuni nyingi zinafundisha hivi, kila mgeni apate kitu kidogo mapema, anayeshinda gemu apewe, asiyeshinda naye achague kitu kwenye kikapu, ili katalogi inapofunguliwa kila mtu kashika zawadi mkononi. Inaonekana ukarimu. Lakini watu wa saikolojia ya biashara wameshaeleza siku nyingi kwamba aliyepokea kitu, hata kiwe kidogo namna gani, anajisikia ana deni. Sasa hiyo ni kwa Mmarekani. Sisi ndo kabisa! Sisi tumelelewa kwenye kutunzana, shughuli yangu ulileta doti ya khanga na mi shughuli yako nailipa, daftari la nani kamchangia nani tunatembea nalo kichwani miaka ishirini. Ukimpa mwanamke wa Kiswahili kijiko cha kupimia unga kabla hajafungua katalogi, yule hawezi kuondoka bila kununua, haki ya Mungu hawezi, ataona kamvunjia mwenyeji heshima. Na nyie mnawajua wanaokaa kwenye hayo makochi, huyu katoka zamu mbili kwenye nyumba ya wazee, huyu yuko ghala la usiku, wote Jumatatu wanatuma ada nyumbani. Hela aliyoitoa kwa kuona haya hainifurahishi hata kama kamisheni yako imeongezeka.

Kwa hiyo zawadi zitoeni mwisho. Oda zimeshaandikwa, zimeshafungwa, kalamu imerudi kwenye pochi, ndo unasema haya jamani aliyeshinda ile gemu ya mwanzo ni fulani, njoo uchukue. Asiyenunua kitu apewe sawa na aliyenunua. Mtaona tofauti, watu wanafurahia zawadi kweli kweli ikiwa haina mkia.

Na ile ya kufunga maboksi kwa karatasi nzuri mnasema anayetaka kufungua achague, halafu akishafungua ndo anaambiwa ameshakubali kufanya pati kwake mwezi ujao, hiyo ni mtego, acheni. Mwenyeji anabeba mzigo, anasafisha nyumba, anapika, anaalika ndugu zake, anawaazima jina lake, na zawadi zake kutoka kampuni zinategemea wageni wake wamenunua kiasi gani na wangapi wamekubali kuandaa pati nyingine. Mtu wa kubeba hayo umwombe kwa mdomo, taratibu, jikoni mnapoosha vikombe, na akisema hapana iwe hapana.

Kamari nayo niiseme. Kuuza tiketi za dola dola halafu mnachomoa jina moja linachukua sufuria, kwa Waislamu hiyo ni maysir, kamari iliyokatazwa, Surat al-Maida aya ya 90 iko wazi, na usimweke mgeni wako kwenye mtihani wa kukataa mbele za watu. Hata kwa asiye Mwislamu majimbo mengi huku yana sheria kali za bahati nasibu ya kuuza tiketi, hasa kama si ya hisani. Zawadi ikitoka kwako bure na hakuna aliyelipia kuingia, hapo mambo ni mengine.

Najua mtasema mama, bila gemu watu wanakaa kimya kila mtu na simu yake. Ni kweli. Na kuna jambo moja gemu inalisaidia ambalo kampuni hazilijui maana hazitujui. Umeandika saa kumi jioni, wawili wamefika saa kumi, wengine wataanza kuingia saa kumi na moja na robo na wa mwisho anafika watu wanaaga. Wale wawili wa saa kumi ndo wanaoteseka! Gemu iwe ya kwao. Anza nao, wape pointi za kuwahi, wengine wakiingia wanakuta kicheko wanajiunga, na wakishatosha unafunga unaanza kuonyesha vyombo. Dakika kumi, kumi na tano, basi. Pati nzima isizidi saa moja na nusu, watu wana watoto.

Gemu gani? Tegeni vitendawili. Mnashangaa nini, tunacho kitu kizuri namna hii tunaenda kuazima bingo ya Kiingereza ambayo mama aliyekuja kutembea kutoka Tanga hawezi kuisoma. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Wakishindwa unaomba mji, wanakupa Zanzibar, unasema ni ndogo, wanakuongezea Mombasa, hapo bibi wa miaka sabini na binti aliyezaliwa Minneapolis wako kwenye ligi moja, na binti anashindwa na bibi anashinda, ambayo kwenye gemu zao haitokei kamwe. Na jibu ukitoa, yai, mkono wako uko tayari kwenye kile kitu chako cha kupigia mayai unawaonyesha kinavyofanya kazi. Kuku wangu katagia mibani, nanasi, haya kisu hiki hapa, nanasi hili hapa, nani anataka kujaribu? Si ndo yale yale ya bakuli la Brownie Wise. Gemu imeingia kwenye bidhaa bila mtu kuchunguliwa mkoba.

Mnaofanya pati za laivu kwenye simu, ya kwenu ni rahisi zaidi na ni hatari zaidi. Mkiweka gemu ya kutaja (kutag) watu kumi ili upate pointi mnawaingiza kwenye kelele watu ambao hawajaomba. Tegeni kitendawili, subirini majibu, endeleeni.

Kuna kitu kingine nataka mkizoee. Mtu aliyecheka sana hununua sana, na asubuhi anahesabu. Kanuni ya FTC, tume ya serikali ya huku inayolinda wanunuzi, inampa mnunuzi siku 3 za kazi kughairi na kurudishiwa hela akinunua cha dola 25 au zaidi nyumbani kwake, na akinunulia sehemu nyingine isiyo duka la muuzaji, ambapo ndo sebule ya rafiki ilipo, inaanzia dola 130. Sheria inakutaka wewe muuzaji umwambie na umpe fomu. Wengi mnaipitisha kimya kimya kwenye makaratasi. Semeni kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla ya kuandika oda, na kwa vitu vya bei ya chini ya hapo wewe mwenyewe toa ruhusa hiyo hiyo. Utapoteza oda kadhaa, sikatai. Lakini siku hizi hakuna anayelazimika kuja kwako kununua kontena, yapo mtandaoni na yapo Walmart, na Tupperware wenyewe Septemba 2024 waliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika. Anayetoka nyumbani kwake siku yake ya mapumziko kaja kwa sababu yako na kwa sababu ya kukaa na wenzake wanaozungumza lugha yake, na akijua kwako hanyang'anywi atakuja na mwezi ujao.

Wewe uliyeniandikia kwamba umeshanunua seti nzima ya bingo na kete na mikadi yake, hela imeshatoka, usiitupe. Siku ya pati watoto wa wageni huwa wanarundikana chumba cha ndani wanagombania tableti moja. Wapelekee huko, na mkubwa wao mmoja umpe kazi ya kusoma namba.