Tuwaanzishie watoto na ngao, si mkuki

Mhariri,

Julai 25, Siku ya Mashujaa Tanzania, watoto humwona Rais akiweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi sime, wakadhani vita vinaanza. Walimu wa darasa la kwanza, tunapofundisha siku hii, tuanze na ngao, maana inakinga. Waikate kwa boksi, waipake rangi. Mkuki ubaki picha ukutani. Fimbo mikononi hugeuza somo kuwa mapigano. Kimya cha kuwakumbuka mashujaa kiwe sekunde 20 tu, dakika nzima huzaa vicheko. Na wakipelekwa Mnara wa Askari, Dar es Salaam, wa kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza, uliozinduliwa 1927, waambiwe: juu yuko mwenye bunduki peke yake, lakini maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa wakibeba mizigo yake.

Mwalimu, Dar es Salaam