Asidi ya foliki isingoje kliniki ya wajawazito

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kuhusu asidi ya foliki, aina ya vitamini B, ambayo wajawazito wengi huambiwa habari zake baada ya wakati wake kupita. Ubongo wa mtoto huanza kuumbika katika wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, pale tabaka la seli mgongoni mwa kiinitete, yaani mtoto akiwa bado mchanga kabisa tumboni, linapojikunja, kingo zake zikakutana na kuwa mrija, ambao sehemu yake ya mbele hutanuka ikawa ubongo na iliyobaki ikawa uti wa mgongo. Mrija huo hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama amekosa siku zake kwa wiki mbili tu, na pengine hajajua kuwa ni mjamzito. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga upande wa juu, ubongo haukamiliki na mtoto haishi.

Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi ya foliki, ikianza kutumiwa kabla ya mimba, ilizuia asilimia 72 ya kasoro hizo kwa wanawake waliowahi kuzipata. Mimi ni mkunga, na kila ninapompa mama vidonge hivyo katika mwezi wa nne huumia moyoni, kwani, ingawa bado vinamsaidia kuongeza damu, mrija ule ulishafunga zamani.

Naiomba Wizara ya Afya iwafikishie vidonge hivyo wanawake wote wanaojiandaa kupata mtoto, hasa vijijini, ambako unga husagwa kwenye mashine ndogo bila kuongezwa virutubishi kama asidi ya foliki.

Mkunga, Morogoro