Barua kwa binti yangu anayeanza staji ya udaktari

Bukavu

Binti yangu mpendwa,

Kabla hujaanza staji huko Lubumbashi, nina ombi moja: usimwambie mgonjwa kwamba ugonjwa wake ni wa mawazo kwa sababu tu hujauona ugonjwa mwingine.

Unajua tunakoishi. Baada ya miaka hii yote ya vita, na baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwanzoni mwa 2025, ni vigumu kupata nyumba isiyo na aliyefiwa, aliyeporwa au aliyekimbia usiku. Kwa hiyo kiwewe kimekuwa jibu lililo karibu mno. Anayefika kituo cha afya akieleza kwamba moyo unamwenda mbio na usingizi umempotea huulizwa amempoteza nani, na akishajibu, uchunguzi huishia hapo. Kiwewe kipo, wala sitaki ukidharau, lakini mjane naye ana ini, figo na tezi kama watu wengine.

Shangazi yako alipitia hayo. Alikonda ilhali anakula kuliko wanawe, mikono ikamtetemeka hata akashindwa kumimina chai, na jasho likamtoka hata usiku wa baridi ya Juni. Aliandikiwa vidonge vya kumtuliza na kuelekezwa kwa mshauri, mtu mwema aliyemsaidia kumlilia mumewe, ila mikono haikuacha kutetemeka. Aliyetambua tatizo ni muuguzi mmoja mzee, ambaye alimpima mapigo ya moyo akiwa usingizini akayakuta bado yako juu, kisha akamshika viganja akavikuta vya moto. Bila shaka umefundishwa kwamba mwenye hofu kwa kawaida huwa na viganja baridi, na moyo wake hutulia anapolala. Kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kilithibitisha kwamba tezi hiyo ilikuwa ikimwaga homoni kupita kiasi. Na hii ni Kivu, mwanangu, ambako rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, la watu wa kisiwa cha Idjwi lilichunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1960! Shingo ndiyo iliyostahili kutazamwa kwanza.

Usidhani kwamba kosa hili ni la vituo maskini peke yake. Kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari Ulaya na Marekani walifundishwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na tindikali, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kwamba vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe akaugua tumbo, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Vivyo hivyo, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya NMDA, vinavyopokea ujumbe kati ya seli za ubongo, ulielezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007 tu. Wengi wa wanaoupata ni wasichana wa rika lako, ambao huanza kwa kuona visivyokuwapo na kuongea ovyo, kisha hupatwa na degedege. Huku kwetu wangepelekwa kwenye chumba cha maombi, ilhali wengi hupata nafuu kubwa wakitibiwa mapema.

Ugonjwa wa akili una dalili zake, nao uthibitishwe kwa dalili hizo. Maabara ikikosa kipimo, andika kwenye faili kwamba hakijafanyika. Usiandike kwamba mgonjwa hana kitu, kwa maana daktari atakayekufuata atayasoma maneno yako na kuacha kutafuta.

Shangazi yako bado anatumia dawa za kupunguza homoni, na bado anamwona mshauri, kwani msiba wake ni wa kweli sawa na tezi yake. Nimemsihi asisubiri akipata homa na maumivu ya koo, kwa kuwa dawa hizo huweza kushusha chembe nyeupe za damu. Ikiwa kuna dalili nyingine tunayopaswa kuiangalia, tuandikie mapema.

Baba yako