Risala ya walezi wa Konde kwa mgeni rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika

Mheshimiwa mgeni rasmi, masheha wetu, walimu wa skuli na madrasa, wazee wetu na watoto, assalaam alaykum.

Tunashukuru kwa kufika kwako Konde leo, 16 Juni, siku wanapokumbukwa wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Risala yetu ni fupi, maana jua kali na watoto wameshachoka kukaa.

Mheshimiwa, wengi wetu tunalea watoto wa ndugu, wachache wa majirani. Hapa Pemba aliyefiwa na wazazi aghalabu hapati kukosa bibi, khalati au ami wa kumchukua. Kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine, tumeikuta katika dini yetu, nayo imetajwa hata katika kifungu cha 20 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Ndiyo maana tukisikia mfadhili anataka kutujengea nyumba ya mayatima tunamshukuru, lakini tunaona fedha zile zingemfaa zaidi bibi anayelisha wajukuu kwa kusuka ukili. Nyumba hizo wabakiziwe wasio na mtu kabisa.

Hata hivyo tusijisifu mno. Wapo wanaochukuliwa kwa jina la kulelewa, kumbe wamekwenda kutumikishwa, na msimu wa karafuu ukiingia skuli hawaioni tena. Wapo wanaodhuriwa na mtu wa humo humo ndani. Wakubwa wanakaa kikao, wanalimaliza kwa muhali, yaani kuoneana haya, ami anaombewa radhi na mtoto analala tena nyumba ile ile. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, tunayo. Anayekosekana ni wa kuja kupiga hodi.

Kwa hiyo tunaomba ofisa wa ustawi wa jamii atutembelee sisi walezi, hata tunaolea damu yetu, na azungumze na mtoto pembeni, sisi tusiwepo. Vyeti vya kuzaliwa navyo vinatusumbua: bibi hana karatasi za marehemu, basi kila siku ni njoo kesho. Namba ya simu 116, ambayo mtoto huipiga bure kuomba msaada, ibandikwe kila skuli na kila madrasa.

La mwisho, kesi ya kumdhuru mtoto isipokelewe sulhu kwa sheha. Masheha wamekaa hapa mbele, na tuliwaambia wao kwanza kabla ya kukuambia wewe.

Naomba kuwasilisha.