Jumamosi: rafu za mawingu na zidaka

Asalaam aleikum wanakikundi,

Asubuhi tutapiga picha za zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya ukutani katika nyumba za kale. Wingu la rafu, lile refu la chini kama rafu mbele ya dhoruba, likijitokeza baharini, tutaacha kila kitu.

Wingu hili hutokea pale hewa baridi inayoshuka na mvua inapotambaa chini na kuinua hewa yenye joto na unyevu iliyo mbele yake. Ndiyo maana upepo hukupiga kabla ya tone la kwanza, na stendi ya kamera huanguka hapo hapo. Pigeni likiwa bado mbali. Likifika utosini, umbo lake limeshapotea. Tumieni lenzi ya milimita 16 hadi 24, f/8, ISO 200, shata 1/250, mwanga mkipunguza hadi −0.7, maana anga nyeupe ikiungua kwa mwanga kuzidi hairudi. Kwa picha pana, kamera iwe wima, picha 5 zinazopishana theluthi, upesi: wingu hutembea na maungio hayalingani.

Ufuo wa Shela, Lamu, uko wazi, lakini vilimani pa mchanga asipande mtu. Ngurumo ikisikika, sote ndani, na hatutoki mpaka zipite dakika 30 tangu ya mwisho. Hili halina mjadala.

Zidaka ni kazi ya subira. Chokaa huidanganya kamera, nyeupe ikatoka kijivu: ongezeni mwanga +1. Zimeni taa, unjano wake huchafua mwanga wa kiwandani, yaani uani mwa nyumba. Lenzi iwe usawa wa safu ya kati, la sivyo mistari italala.

Chukueni mfuko usiopitisha maji na kipulizio. Munyu (chumvi ya bahari) hupulizwa kwanza ndipo ukafutwa, vinginevyo hukwaruza kioo.